Andalio moja, madarasa manne: shajara ya muhula mmoja, Lamu

Jumamosi, 11 Januari 2025

Wiki ya kwanza ya muhula imekwisha, na kwa mara ya kwanza tangu nianze ualimu nimekaa nikahesabu. Nina vipindi 29 kwa wiki. Kila kipindi kinadai andalio lake la somo, ukurasa mzima: mada, mada ndogo, matokeo maalumu yanayotarajiwa, swali dadisi, umilisi wa kimsingi, maadili, masuala mtambuka, nyenzo, hatua za somo, tathmini, na mwisho kabisa tafakari. Nikienda mbio, andalio moja hunichukua dakika 20. Ishirini mara 29 ni dakika 580, yaani saa 9 na dakika 40 kila wiki, na hapo sijagusa daftari hata moja la kusahihisha. Saa hizo hutoka usiku, baada ya Isha, watoto wangu mwenyewe wakiwa wamelala.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa simu ya Jumatano. Nilimpigia mwenzangu anayefundisha Gredi ya 5 katika shule nyingine hapa hapa mjini Amu, yaani mji wa Lamu, nikamkuta ameinamia andalio la somo la sehemu katika Hisabati, lile lile nililokuwa naliandika mimi. Disaini ya mtaala ni moja, imetoka KICD, taasisi ya kukuza mitaala ya Kenya, kwa nchi nzima. Baina ya nyumba yake na yangu ni vichochoro vitatu. Taa mbili zinawaka usiku mmoja kwa kazi moja, na asubuhi kila mmoja wetu anaingia darasani amechoka peke yake.

Leo tumekubaliana walimu sita kugawana maandalio, kutoka shule mbili za mjini na mbili za vijijini upande wa pili wa kisiwa. Tunaanza na Gredi ya 5 tu, Hisabati na Kiswahili tu. Hisabati ina vipindi 5 kwa wiki, Kiswahili 4. Wiki mbili ni vipindi 18, basi kila mtu ataandika maandalio matatu, na matatu hayo ayaandike kwa moyo wake wote. Tutakutana Jumamosi asubuhi kila baada ya wiki mbili, katika darasa langu.

Jumamosi, 25 Januari

Duru ya kwanza haikwenda vizuri, na nataka niandike kwa nini kabla sijasahau.

Andalio langu la kulinganisha sehemu lilikuwa zuri kwa darasa langu. Nilipanga vikundi sita, kila kikundi na vipande vyake vya karatasi, mimi nikizunguka meza hadi meza. Mwenzetu wa kijijini alilipokea, akalishika mkononi, akaingia nalo darasani, na baada ya dakika kumi akaliweka kando. Yeye ana Gredi ya 4 na ya 5 chumba kimoja. Akiwa na hawa, wale wanamngoja. Andalio langu halikuwa na hata hatua moja ambayo watoto wangeweza kuifanya bila mwalimu kusimama juu ya vichwa vyao. Usiku huo akaandika lake upya, tena kwa hasira kidogo, kwa sababu sasa kazi ilikuwa mara mbili: kusoma langu na kuandika lake.

Leo ametuambia hayo bila kuficha, namshukuru. Kisha akachukua kalamu na andalio langu, akatia nyota kando ya kila hatua ambayo mtoto anaweza kuibeba mwenyewe akielekezwa mara moja. Zilikuwa nyota mbili. Tukakaa nusu saa tukiligeuza mpaka zikawa nne. Tukakubaliana kwamba kuanzia sasa kila andalio liandikwe kwa ajili ya chumba chenye gredi mbili, wengine wapunguze. Nilidhani sisi wa mjini tutakuwa tunajitolea kwa ajili yake. Lakini nikifikiria siku ninapoitwa ofisini katikati ya kipindi, au mtoto anapougua nikalazimika kumpeleka nje, hizo nyota ni zangu pia.

Jambo la pili tuliloamua: anayeandika ndiye anayefundisha wa kwanza. Akiandika somo la Jumanne, alifundishe Jumatatu darasani kwake, na jioni atume mstari mmoja wa yaliyomshinda. Mkongwe wetu, aliyepitia mafunzo ya SMASSE, ule mradi wa walimu wa hisabati na sayansi ulioanza 1998 kwa ushirikiano na Wajapani wa JICA, alicheka akasema hili si jipya: panga, tekeleza, tazama, boresha. Walifundishwa hivyo hivyo. Walichokosa baada ya mafunzo, alisema, ni mtu wa karibu wa kutazama naye.

Jumamosi, 8 Februari

Leo nina la kusimulia kwa raha.

Mada ilikuwa wakati. Kitabu kimeandika 8.00 a.m. Watoto wetu wanaishi saa mbili asubuhi. Ukimwambia mtoto wa Amu kwamba boti inaondoka saa mbili, anaandika 2.00, na mwalimu anatia alama ya kosa, na mtoto haelewi kosa liko wapi kwa sababu boti kweli inaondoka saa mbili. Mwenzetu aliyeandika somo hili alilifundisha Jumatatu. Jioni akatuma: "Thuluthi moja ya darasa wamechanganya saa ya Kiswahili na ya kitabu. Anzeni na saa mbili zikiwa ubaoni kwa pamoja, msizisubiri zije zenyewe."

Kwa ujumbe huo mfupi, walimu wengine tuliingia darasani Jumanne tukiwa tayari. Nilichora nyuso mbili za saa, moja nikaiita ya nyumbani, nyingine ya kitabu. Mtoto mmoja akagundua kabla sijasema kwamba tofauti ni sita kila wakati, ukiongeza au ukipunguza. Kipindi cha dakika 35 kilinitosha na kikanibakishia, jambo ambalo kwenye mada hii halijawahi kunitokea.

Basi ile ziada nikaitumia kwa swali ambalo halikuwamo kwenye andalio. Niliuliza nani anajua saa ya maji kujaa. Mikono ikaruka. Mtoto wa mvuvi akasimama akaeleza kwamba maji hayarudi saa ile ile. Kesho yanachelewa, kesho kutwa yanachelewa zaidi. Kwa kiasi gani? Akafikiri, akasema si saa nzima, ni pungufu kidogo. Ni kweli, ni kama dakika 50 kwa siku, kwa sababu mwezi nao husogea angani dunia ikizunguka, na ufuo wetu hauna budi kuufuata. Tukazidisha: siku 3 ni dakika 150, geuza ziwe saa na dakika. Watoto waliokuwa wamejikunyata kwenye sehemu wiki iliyopita walikuwa wanapigania chaki.

Nililiandika swali hilo kwenye karatasi ya pamoja. Mwenzetu wa kijijini amelitumia Alhamisi, na huko, kwa watoto wanaopanga safari zao kwa kupwa na kujaa, somo limekwenda mbali kuliko kwangu. Ameongeza bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo.

Kutokana na somo hili tumezaa safu mpya katika andalio letu. Tunaiita "Watakapojikwaa". Kila mwandishi lazima abashiri mahali mtoto atakapokosea, na atakayefundisha wa kwanza asahihishe ubashiri huo. Kwangu mimi safu hii ina thamani kuliko sehemu nyingine zote za ukurasa zikijumlishwa. Matokeo yanayotarajiwa naweza kuyanakili kwenye disaini. Mahali mtoto wa Lamu anapojikwaa hakuna kitabu kilichonipa.

Jumamosi, 15 Februari

Si siku ya kikao, lakini nimelazimika kuwapigia wote.

Saa tulizookoa kwenye kuandika zilianza kuliwa na simu. Kundi letu la WhatsApp lilikuwa na jumbe hadi saa tano usiku: umefikia wapi, nitumie picha tena haionekani, je, tubadilishe swali la pili, samahani nimekosea tarehe. Nilipohesabu jioni tatu mfululizo, nilikuta nimetumia muda ule ule wa zamani, tofauti ni kwamba zamani nilikuwa na kalamu mkononi. Mwenzangu mmoja, mama wa mtoto mchanga, alikuwa karibu kujitoa.

Tumeweka mambo mawili. Baada ya Isha hakuna anayetuma chochote kuhusu kazi, na anayetuma hajibiwi. Na andalio likishapita kikao cha Jumamosi limefungwa. Ukitaka kulibadilisha, libadilishe kwa mkono wako kwenye nakala yako, utueleze kikao kijacho. Ule mstari mmoja wa jioni unaendelea, lakini uwe kabla ya Magharibi na usizidi maneno yanayoingia kwenye kioo cha simu bila kusogeza.

Jumamosi, 22 Februari

Afisa mmoja alipita katika mojawapo ya shule zetu kukagua nyaraka za walimu. Akakuta maandalio ya fotokopi, akauliza kwa nini mwalimu hajaandika kwa mkono wake. Mwenzetu alijieleza, hakusikilizwa siku hiyo, akarudi nyumbani akiwa na hofu ya alama zake za tathmini ya utendakazi kwa TSC, tume inayoajiri walimu. Alitupigia simu akasema kwa sauti ya chini kwamba pengine ni heri kila mtu arudi kwenye daftari lake.

Sikulala vizuri. Ninaelewa anachokitafuta mkaguzi: hakikisho kwamba mwalimu amefikiri kabla ya kuingia darasani. Nimeshaona maandalio yaliyonakiliwa neno kwa neno kutoka mwaka uliopita, kwa mwandiko mzuri sana, na mwalimu hajui yamesema nini. Mwandiko si ushahidi wa fikra, lakini pia fotokopi peke yake si ushahidi.

Tulichofanya leo ni kuugawa ukurasa. Upande wa mbele ni wa pamoja, umepigwa fotokopi: matokeo, swali dadisi, hatua zenye nyota, "Watakapojikwaa". Upande wa nyuma ni wa mwalimu na darasa lake, kwa mkono: idadi ya watoto, nani anahitaji nini, nyenzo nilizonazo mimi, nilichobadilisha, na tafakari. Nusu ukurasa, dakika sita au saba. Mwalimu mkuu wangu amekubali kupeleka mfano wake ofisini na kuueleza mwenyewe. Namheshimu kwa hilo, maana angeweza kuniachia mzigo.

Jumamosi, 8 Machi

Ramadhani. Kikao kifupi, bila kahawa. Vipindi tunavibana kwa sababu watoto wengi wamefunga na mchana nguvu zinakwisha. Kila mwandishi ametia mstari chini ya hatua moja ambayo haiwezi kuachwa. Nyingine zote zinaweza kusubiri. Jibu kutoka ofisini limekuja: upande wa mbele wa pamoja unaruhusiwa mradi upande wa nyuma umejazwa kila siku. Aliyesoma mfano, nimeambiwa, alikaa zaidi kwenye tafakari.

Jumamosi, 22 Machi

Kiswahili kimetupa kikao kirefu kuliko vyote, na cha moto.

Mmoja wetu anatoka bara. Ni mwalimu hodari, anakipenda Kiswahili, na ndiye aliyekuwa na zamu ya insha ya masimulizi. Alifundisha wa kwanza, akaja leo na madaftari ishirini na kitu, yote mekundu. Alihuzunika. Alisema watoto wa Pwani, wenye lugha yao, wanamwandikia makosa ambayo hakuyaona hata alikotoka.

Tukayafungua. "Nalipita ndia ya madukani." "Mato yake yalikuwa mekundu." "Alipanda yuu ya mti." "Alitaka mai." "Siku moya." Nilihisi kitu kifuani. Hayo si makosa ya kutojua. Ndivyo anavyosema nyanya yangu, ndivyo nilivyosema mimi mpaka nilipopigwa kwa hilo darasa la pili. Ni Kiamu. Ndia ni njia, mato ni macho, yuu ni juu, mai ni maji, moya ni moja. Kina kanuni zake, na ni lahaja iliyotungiwa tenzi kwa hati za Kiarabu miaka mingi kabla ya wakubwa kukutana Mombasa mwaka 1928 na kuchagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu.

Nilimweleza hayo, pengine kwa sauti kubwa kuliko ilivyostahili. Hakukasirika. Aliuliza swali la mwalimu: kama kina kanuni, kanuni ni zipi? Hapo tukanyamaza sote wa Amu. Tunakisema, hatujawahi kukipanga. Tukachukua ubao tukaanza: penye nj ya sanifu Kiamu mara nyingi kina nd, kama njaa na ndaa, njoo na ndoo. Penye ch mara nyingi kina t, kama kichwa na kitwa, chini na tini. Ile j ya moja na juu inakuwa y. Ya maji inapotea kabisa. Kufikia saa sita kasoro tulikuwa na orodha ya maneno arobaini, na yeye wa bara ndiye aliyeishika kalamu.

Safu ya "Watakapojikwaa" ya insha sasa inasema hivi: mtoto ataandika Kiamu, usitie mkasi. Chora mistari miwili ubaoni, wa nyumbani na wa mtihani, kama tulivyochora saa mbili za Hisabati. Mwachie mtoto agundue kanuni mwenyewe. Kisha katika insha piga duara kwa penseli, asahihishe yeye.

Kuna faida ya kazi hapa pia, nisiisahau kwa kunogewa. Alisema kusahihisha madaftari yale kulimchukua jioni mbili. Kwa kanuni tano, makosa yale mengi yanakuwa matano tu, na watoto wanayakamata kabla daftari halijafika mezani.

Ijumaa, 4 Aprili

Shule zimefungwa. Hesabu ya mwisho wa muhula, kwa wiki ya kawaida: maandalio 9 ya Hisabati na Kiswahili yalikuwa yakinila saa 3 kamili. Sasa naandika moja na nusu kwa wiki, yaliyotulia, dakika 40 kila moja, hiyo ni saa moja. Upande wa nyuma wa kurasa 9 ni kama saa nyingine. Kikao ni saa mbili na nusu kila baada ya wiki mbili. Ukijumlisha kwa uaminifu, kwa masomo haya mawili muda wangu haujapungua. Umeongezeka robo saa kwa wiki.

Niliitazama hesabu hii kwa muda mrefu. Kisha nikatazama kitu ambacho sikukihesabu Januari: kurudia. Muhula wa kwanza mwaka jana nilirudia somo la wakati mara tatu, sehemu mara nne. Mwaka huu wakati sikurudia, sehemu nimerudia mara moja. Na faili lenye kurasa zote hizi, na penseli zake pembeni, liko kabatini. Januari ijayo hakuna atakayeanza na karatasi tupu. Kazi ya mwaka huu ni kama kupanda mnazi, na sitamdanganya mwalimu mwingine kwamba atauvuna muhula huo huo. Lakini usiku wa jana nimelala saa nne.

Muhula ujao tunaongeza Sayansi na Teknolojia, yenye vipindi 4. Mama wa mtoto mchanga ameomba aandike mawili badala ya matatu, tumekubali.

Jumatano, 30 Aprili

Muhula wa pili umeanza Jumatatu. Mwenzetu wa bara amepata uhamisho, karibu na kwao. Aliaga kwa simu. Orodha yake ya Kiamu ameiacha ndani ya faili, imefika maneno 112, kwa mwandiko wake, na pembeni ya maneno kumi na mawili ameandika "ulizeni wazee".

Aliyekuja mahali pake ni binti aliyemaliza chuo juzi. Nilimpelekea faili Jumatatu asubuhi kabla ya gwaride. Kesho yake jioni, kabla ya Magharibi, mstari wake wa kwanza ukaingia: darasa lake halikuelewa hatua ya tatu ya somo la pembe kwa sababu andalio linasema "geuza protrakta" na shule ina protrakta moja ya ubaoni. Amekunja karatasi mara mbili akapata pembe mraba, akaikunja tena akapata nusu yake. Nimeiandika kwenye ukurasa.

Kikao ni Jumamosi hii, tarehe 3 Mei. Mwenzetu wa kijijini aliniuliza aanze saa ngapi, maana wiki hii ni bamvua na maji yakipwa boti haitoki kwao. Nimelipa darasa langu swali hilo. Mtoto wa mvuvi alisema jana maji yalijaa saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, alikuwa na babake wakitoka msikitini. Siku 4, dakika 50 kila siku, ni dakika 200, saa 3 na dakika 20. Wameandika jibu kwa saa zote mbili, ya nyumbani na ya kitabu: saa mbili na nusu asubuhi, 8.30 a.m. Nimempigia picha ubao nikamtumia. Kikao saa tatu na nusu. Pembe zitakuwa za yule binti, insha zangu.